Kitanda usichokilalia: wagonjwa walivyobadilisha majaribio ya dawa

Kimya changu kisiwatie wasiwasi, ni zamu za usiku tu. Leo naomba niwape historia kidogo, maana kila nikipiga simu nyumbani na majaribio ya dawa yakatajwa, nasikia lilelile: "wanatufanya panya." Hofu hiyo ina sababu zake. Lakini wapo wagonjwa waliokataa kuwa panya bila kuukataa utafiti, na kisa chao kilitokea hukuhuku Marekani.

Mwaka 1983 watu wachache wenye UKIMWI walikutana Denver wakatoa tamko: tusiitwe wahanga, na tushirikishwe katika kila ngazi ya maamuzi yanayotuhusu. Wakati huo hapakuwa na dawa hata moja ya kupambana na virusi hivyo.

Mwaka 1986 AZT ikajaribiwa kwa wagonjwa 282. Karibu nusu walipewa dawa, waliobaki wakapewa kidonge kitupu, na hakuna aliyejua kapata kipi. Kitaalamu ni mpango mzuri. Sasa jifanye wewe ndiye mgonjwa, na wenzako unawazika mmoja baada ya mwingine! Baadhi walipeleka vidonge vyao maabara vikapimwe. Wengine walichanganya vya kwao na vya wenzao wakagawana, ili kila mtu apate angalau kidogo. Septemba majaribio yalisimamishwa mapema: kundi la kidonge tupu walikuwa wamekufa 19, kundi la dawa 1. Machi 1987 AZT ikaruhusiwa.

Kwa baadhi ya watafiti, huko kugawana dawa kulikuwa udanganyifu. Wanaharakati wakajibu kuwa mpango wenyewe ndio mbovu. Ukimkataza mtu aliye hatarini kufa asitumie dawa nyingine yoyote, atatumia kwa siri, na takwimu zako zitakuwa za uongo. Wauguzi wenzangu mnalijua hili: mgonjwa akiogopa kufokewa, hakwambii kama anakunywa mitishamba.

Machi hiyohiyo ya 1987 kikundi cha ACT UP kilianzishwa New York. Oktoba 11, 1988 wanaharakati zaidi ya elfu moja walizingira ofisi za FDA, mamlaka ya chakula na dawa, kule Rockville, Maryland. Hawakuishia kupiga kelele. Watu ambao hawakusomea sayansi walijifunza virusi, takwimu na kanuni za dawa mpaka wakabishana na maprofesa, na hatimaye wakaingizwa kwenye kamati zinazopanga utafiti.

Matunda yalionekana. San Francisco, madaktari wa kliniki za kawaida walijaribu pentamidini ya kuvuta kwa mvuke ili kuzuia nimonia iliyokuwa ikiua wengi. Wagonjwa wasingekubali kidonge tupu, kwa hiyo wote 408 walipewa dawa, kwa dozi tatu tofauti. Miligramu 300 kila baada ya wiki 4 ndiyo iliyofanya vizuri zaidi. FDA ikaipitisha mwaka 1989. Utu ulizingatiwa, na jibu la kisayansi likapatikana.

Somo hilo halikuingia kila mahali. Mwaka 2004 majaribio ya dawa ya kukinga VVU yalisimamishwa Kambodia kabla hata hayajaanza, baada ya wanawake waliolengwa kuuliza nani atawatibu wakipata madhara. Mwaka 2007 UNAIDS na AVAC wakatoa mwongozo wa kuishirikisha jamii tangu mwanzo. Na Azimio la Helsinki, lililorekebishwa mwaka 2024, nalo linataka washiriki na jamii zao wahusishwe kabla ya utafiti, wakati wa utafiti na baada yake.

Kwa hiyo mama, shangazi, kaka zangu, mkiitwa kwenye utafiti msikimbie, ila msisaini kimyakimya pia. Ulizeni: ulipopangwa, nani kati yetu aliulizwa? Nikidhurika nani atanitibu? Dawa ikifaulu, tutaipata? Nikitaka kujitoa, nitaendelea kutibiwa kama kawaida? Kunguni wa kitanda anawajua anayekilalia.