Samaki wa Porte Dorée

Kasri la Porte Dorée, mashariki mwa jiji la Paris, limebadilishwa jina mara nyingi. Mwaka 1931 lilifunguliwa likiwa Makumbusho ya Kudumu ya Makoloni, na miaka minne baadaye likaitwa Makumbusho ya Ufaransa ya Ng'ambo. Mwaka 1960, makoloni ya Afrika yalipokuwa yakijitwalia uhuru moja baada ya jingine, waziri wa utamaduni, André Malraux, akaligeuza kuwa makumbusho ya sanaa za Afrika na Oseania. Leo ni makumbusho ya historia ya uhamiaji. Kila utawala mpya ulipoingia, vitu vya wale waliotangulia vilitolewa nje. Mpangaji mmoja tu hakuhama: samaki wa chini ya ardhi.

Jiwe la msingi liliwekwa Novemba 1928 na Rais Gaston Doumergue. Msanifu mkuu alikuwa Albert Laprade, na haja yenyewe ilikuwa Maonyesho ya Kimataifa ya Makoloni, yaliyofunguliwa tarehe 6 Mei 1931 kando ya msitu wa Vincennes. Marshal Lyautey, aliyeitawala Moroko kwa niaba ya Ufaransa, ndiye aliyekabidhiwa kuyaandaa maonyesho hayo. Mashariki mwa Paris palikuwa mtaa wa wafanyakazi, na ukomunisti ulikuwa umeota mizizi. Lyautey alitaka hao hasa ndio waone fahari ya himaya. Hata reli ya chini ya ardhi, njia namba 8, ilirefushwa hadi huko kwa ajili ya wageni. Tiketi zilizouzwa zilifika milioni 33.

Mabanda mengi yalibomolewa maonyesho yalipokwisha, lakini kasri lilijengwa libaki. Ukuta wake wa mbele, wenye zaidi ya mita 1,000 za mraba, ulichongwa na Alfred Janniot na wasaidizi wake. Unaonyesha Afrika upande mmoja na Asia upande wa pili, watu wakivuna, wakibeba, wakivua, na mazao yote yakielekea katikati, kwenye bandari za Ufaransa kama Marseille na Bordeaux. Kwa ufundi, sijui ukuta wa karne ile unaoushinda. Kwa ukweli, ni hadithi ya mtu aliyejialika karamuni kisha akajisifu kwa ukarimu wake. Kila aliyechongwa pale anafanya kazi kwa hiari, na hakuna mjeledi hata mmoja.

Samaki nao waliingizwa kwa mantiki hiyohiyo. Juu mgeni alionyeshwa mbao, mpira na kakao. Chini akaonyeshwa viumbe hai wa maji ya makoloni. Nyumba ya samaki haikuwa kiburudisho cha watoto tu, ilikuwa sehemu ya orodha ya mali.

Wala si wanyama peke yao walioonyeshwa mwaka ule. Upande wa pili wa jiji, nje ya maonyesho rasmi, Wakanaki zaidi ya 100, wenyeji wa New Caledonia, waliwekwa kwenye bustani ya Jardin d'Acclimatation na kutangazwa kuwa wala watu. Baadhi yao walipelekwa Ujerumani kuonyeshwa huko, na inasimuliwa kwamba walibadilishwa na mamba. Mmoja wa wazee wa Christian Karembeu, mchezaji aliyetwaa Kombe la Dunia na Ufaransa mwaka 1998, alikuwamo katika kundi hilo.

Kasri liliorodheshwa kuwa jengo la kihistoria mwaka 1987. Makumbusho ya sanaa yalifungwa mwaka 2003 na vinyago vikahamishiwa makumbusho ya Quai Branly, kando ya mto Seine. Oktoba 2007 yakafunguliwa makumbusho ya uhamiaji, bila rais wa nchi kuja kukata utepe. Uzinduzi rasmi ulisubiri hadi Desemba 2014, ukafanywa na François Hollande. Katikati hapo, kuanzia Oktoba 2010 hadi Januari 2011, wafanyakazi wahamiaji wasio na vibali walilikalia jengo wakidai karatasi zao. Katika historia yote ya kasri hili, hao naona ndio wageni waliolielewa zaidi.

Ukishuka ngazi leo utakuta kiza kidogo, joto, na matangi yaliyopangwa ukutani. Kivutio kikubwa ni mamba weupe wa Mississippi, waliozaliwa bila rangi, wanaoweza kukaa muda mrefu bila kutikisika hata watoto wakadhani ni sanamu. Mazungumzo ya siku hizi ni juu ya matumbawe yanayokufa na samaki wanaotoweka, si juu ya mali ya himaya.

Mei 2031 kasri litatimiza miaka 100. Msomaji utakayekwenda, hasa wewe mwenye ndugu Paris au mwenye asili ya Ngazija au Anjouan, usikimbilie samaki moja kwa moja. Kaa kwanza nje, uutazame ukuta wa Janniot kutoka mwisho hadi mwisho, kisha pita ubavuni usome majina ya Wafaransa waliosifiwa kwa kuipanua himaya. Ndipo ushuke kwa mamba. Kituo cha treni ni Porte Dorée, na Jumatatu hufungwa.