Yaliyo Chini ya Marumaru

Tarehe 17 Juni 1631, katika mji wa Burhanpur kando ya mto Tapti, mwanamke wa miaka 38 alijifungua mtoto wake wa kumi na nne, kisha akafariki. Mumewe alikuwa ametoka Agra kwenda kuongoza vita vya Dekani, upande wa kusini, naye akamfuata na mimba yake, kama alivyomfuata katika safari nyingi za miaka 19 ya ndoa yao. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa Arjumand Banu Begum. Ulimwengu unamjua kwa lakabu yake ya ikulu, Mumtaz Mahal. Mumewe alikuwa Shah Jahan, mfalme wa tano wa ukoo wa Mughal uliotawala India. Mtoto wa siku ile, binti Gauharara, alipona. Katika wale kumi na wanne, saba tu ndio waliobaki hai.

Marehemu alizikwa kwanza hukohuko, ndani ya bustani. Miezi sita baadaye mwili ulifukuliwa na kupelekwa Agra, ukisindikizwa na mwanawe Shah Shuja, kijana wa miaka 15. Mfalme alikwisha kuchagua mahali pa kaburi: ukingoni mwa mto Yamuna, kwenye ardhi ya Raja Jai Singh wa Amber. Wanahistoria wa ikulu wanasimulia kwamba Raja alikuwa tayari kuitoa bure. Mfalme hakukubali, akampa majumba manne badala yake. Kaburi la aina hii lilitakiwa kusimama juu ya ardhi iliyopatikana kwa halali, na hilo ndilo jiwe la kwanza la msingi, ingawa halionekani.

Kazi ilianza mwaka 1632, nayo ilianza na maji. Ukingo wa mto ni mchanga na tope, na mto hupanda kila msimu wa mvua. Mafundi walichimba visima virefu, wakavizungushia kuta za matofali, wakavijaza mawe na chokaa hadi vikawa nguzo zilizozama ardhini. Juu ya visima hivyo ndipo lilipowekwa jengo lote. Hata kuta zenyewe si marumaru tupu, kwa maana kiini chake ni matofali. Marumaru nyeupe ni vazi lililokuja juu ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka machimbo ya Makrana, zaidi ya kilomita 300 upande wa magharibi.

Mbunifu anayetajwa zaidi ni Ustad Ahmad wa Lahore. Hakuanza na ukurasa mtupu. Kule Delhi lilikwishasimama kaburi la mfalme Humayun, lenye kuba juu na bustani iliyogawanywa sehemu nne kwa mifereji ya maji. Na palepale Agra, Nur Jahan, shangazi yake Mumtaz, alikuwa amemjengea baba yake kaburi la marumaru iliyotiwa njumu ya vito. Ustad Ahmad aliyachukua hayo akayakuza. Kuba yake ni mbili: ya ndani, yenye urefu unaomfaa mtu aliyesimama chini yake, na ya nje, inayopanda peke yake angani hadi ncha yake ifike mita 73 hivi kutoka ardhini. Kati ya hizo mbili kuna uwazi mkubwa ambao mgeni hauoni.

Katika makaburi ya wafalme waliotangulia, kaburi lilikaa katikati ya bustani. Hapa limesogezwa hadi mwisho, juu ya mto, likiwa na msikiti wa mawe mekundu upande wa magharibi na jengo pacha upande wa mashariki ili mizani isivunjike. Lakini ukivuka mto utakuta bustani nyingine ya Shah Jahan, Mahtab Bagh, iliyopimwa kwa mstari uleule. Ukizihesabu bustani zote mbili, kaburi limerudi katikati, na mto umekuwa mfereji wake.

Maandishi ya Kurani yanayozunguka milango ni kazi ya Amanat Khan, mwenyeji wa Shiraz, mji ambao sisi wa pwani tunaujua kwa jina la Washirazi wetu. Kwenye lango kuu aliandika Sura ya Al-Fajr, ambayo mwisho wake ni mwaliko wa peponi kwa nafsi iliyotulia. Yeye aliruhusiwa kutia saini. Waashi waliacha alama ndogo tu walizochonga kwenye mawe, nyota na pembetatu, na majina yao yakapotea. Mafundi wa njumu walikata akiki, mawe ya kijani na mawe ya buluu ya Badakhshan, wakayalaza ndani ya marumaru hadi kidole kisihisi kiungo. Hadithi kwamba mfalme aliwakata mikono haina ushahidi. Ustad Ahmad mwenyewe alikwenda kujenga ngome kuu ya Delhi.

Wakati wa ujenzi watu waliliita kaburi hili Rauza-i Munawwara, raudha yenye nuru. Taj Mahal ni ufupisho wa jina la marehemu, ingawa sikio la Kiswahili husikia humo taji na mahali. Ili litunzwe, mfalme aliliwekea wakfu: mapato ya vijiji 30 pamoja na ya maduka ya soko lililo mbele ya lango. Wakulima wa vijiji hivyo ndio waliolipia mafuta ya taa na wasomaji wa Kurani.

Hata hivyo, mwaka 1652 mwana wa mfalme, Aurangzeb, alimwandikia baba yake kwamba kuba imevuja wakati wa mvua. Miaka sita baadaye mwana huyo alitwaa ufalme, akamfungia baba yake katika ngome ya Agra hadi kifo chake mwaka 1666. Shah Jahan akalazwa pembeni mwa mkewe. Majeneza ya marumaru yanayotazamwa ukumbini ni ishara tu. Wenyewe wamelala chini, katika chumba cha chini ya sakafu.

Katika zama zetu adui amekuwa moshi. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya India iliamuru viwanda vya jirani vilivyotumia makaa ya mawe vihamie kwenye gesi au viondoke. Na marumaru inapogeuka manjano, wafanyakazi hupanda na kuipaka udongo wa mfinyanzi, huuacha ukauke ukinyonya uchafu, kisha huuosha kwa maji safi. Hakuna atakayeandika majina yao ukutani. Wageni huja kutazama weupe, na weupe huo ni kazi ya mikono yao, kama ilivyokuwa kwa wale waliochimba visima.