Mzigo wa Goti

Msee akiumia goti mtaani kwetu, hupata madaktari wawili papo hapo. Mmoja humwambia asikanyage kabisa. Mwingine humwambia akaze, atembee, litazoea. Nilipoanza kusoma kuhusu gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye viungo, niliona ubishi huu ni wa zamani sana.

Mwaka 1743, William Hunter aliwaeleza wanasayansi wa Royal Society, London, kwamba gegedu likishaharibika halirudi. Karne iliyofuata, Hugh Owen Thomas wa Liverpool akafanya mapumziko kuwa sheria: kiungo kigonjwa kifungwe banzi, kitulie, tena kwa muda mrefu.

Halafu akaja Robert Salter, Toronto. Kuanzia 1970 alijaribu kinyume chake kwa sungura. Alitoboa gegedu la goti, kisha mashine ikalikunja na kulinyoosha polepole bila kukoma. Matokeo aliyochapisha 1980 yalionyesha kwamba magoti hayo yalipona vizuri kuliko yaliyofungwa plasta.

Gegedu halina mishipa ya damu. Hula kama sponji: likibanwa, maji hutoka, likiachiliwa, hunyonya maji ya kiungo yenye chakula. Seli zake pia huhisi mgandamizo na kujenga. Kwa hivyo kulala tu kunalidhoofisha. Lakini tishu changa ikilemewa mapema, inaharibika.

Ndiyo maana Richard Steadman wa Marekani, aliyekuwa akitoboa vishimo mfupani ili damu itoke na kujenga tishu mpya, aliwapa wagonjwa vitu viwili pamoja: mashine ya kukunja goti saa kadhaa kila siku, na magongo kwa wiki sita hadi nane. Goti lisogee mapema, uzito uje baadaye, kidogo kidogo.

Hapo kwenye wiki nane ndipo ninapokwama. Namjua kijana wa mjengo aliyeambiwa asibebe kitu. Wiki ya tatu alikuwa amerudi saiti, mawe begani, kwa sababu landilodi hajui habari za gegedu. Simlaumu hata kidogo.

Ukikutana na msee wa magongo, wacha kumwambia apumzike au akaze. Muulize daktari amemruhusu uzito kiasi gani, halafu muulize kodi ya mwezi huu inalipwa na nani.