Antrenere mupya: mambo ya kupima mbele ekipe isaini mukataba

Kila mara antrenere anapoondoka, majina inaanza kuzunguka katika muji. Wengine wanataka mugeni, wengine muchezaji wa zamani wa ekipe, wengine wanasema yule wa zamani arudi. Katika Likasi, mazungumuzo hayo inakuwa hasa juu ya Panda B52, ekipe inayocheza ku stade Kikula. Kule Lubumbashi, kilometa karibu 120, TP Mazembe ilishajaribu njia zote tatu. Matokeo yake inafundisha.

Mugeni

Diego Garzitto, aliyetoka Ulaya, alishinda Ligi ya Mabingwa ya CAF mwaka 2009. Mufaransa Patrice Carteron, aliyefika 2013, aliishinda 2015 mbele ya USM Alger. Lakini Mufaransa mwingine, Thierry Froger, hakumaliza hata miezi mingi katika 2017: Mazembe ilitolewa na CAPS United ya Zimbabwe, naye akaondoka.

Mutoto wa nyumba

Fasi ya Froger ilishikwa na Pamphile Mihayo, kapiteni wa zamani wa Mazembe. Mwaka ule ule, ekipe ilibeba Kombe la Shirikisho mbele ya SuperSport United ya Afrika Kusini. Mihayo alijua chumba cha wachezaji na luga yao. Ni faida kubwa, lakini kuwa muchezaji muzuri na kufundisha ni kazi mbili mbalimbali.

Wa zamani kurudi

Musenegali Lamine N'Diaye alichukua ekipe mwaka 2010. Alishinda Ligi ya Mabingwa, kisha akaifikisha Mazembe ku finali ya Kombe la Dunia la Vilabu, ambako Inter Milan iliipiga 3-0. Alirudi 2023, na msimu wa 2023-2024 Mazembe ikawa bingwa wa Kongo na kufika nusu-finali ya Afrika.

Kwa hiyo pasipoti haisemi kama mutu atashinda. Tena, N'Diaye na Mihayo walikuta wachezaji wakubwa tayari. Ekipe yenye feza kidogo haiwezi kuiga tu jina. Inapaswa kuuliza maulizo mengine.

Diplome

Ekipe inayotaka kucheza mashindano ya CAF inaombwa kuwa na antrenere mukubwa mwenye diplome ya kiwango cha juu, sawa vile Lisansi A ya CAF. Mu Tanzania, 2021, Didier Gomes wa Simba alipata shida juu diplome yake haikufikia kiwango kilichoombwa. Komite ione karatasi yenyewe, isiamini maneno.

Feza na mukataba

Mushahara si gharama yote. Kuko nyumba, safari, na wasaidizi anaotaka kuleta. Mukataba uandike wazi muda wake, malengo, na kile kinacholipwa kama wanaachana mbele ya wakati. Antrenere mugeni asiyelipwa anaweza kushitaki ekipe ku FIFA, na deni isiyolipwa inaweza kufunga mulango wa kuandikisha wachezaji wapya. Hapo ekipe inamulipa mutu ambaye ameshaenda, na haina nguvu ya kununua wale inaohitaji.

Vijana

Ekipe ya Likasi inajua gisi wachezaji wake wazuri wanavyoangaliwa na Mazembe na Lupopo. Antrenere anayejua tu kutumia wachezaji waliokomaa atabaki mikono mitupu wakiondoka. Ni vizuri kuuliza: kule alikotoka, vijana wangapi aliwapandisha katika ekipe ya kwanza? Wako wapi leo?

Nani anapanga ekipe?

Ulizo la mwisho ni la komite yenyewe. Kama viongozi wanachagua wale kumi na mmoja siku ya mechi, hakuna antrenere atakayefaulu, atoke Ufaransa ao Shituru. Washabiki wanaoomba jina mupya waombe pia jibu hili: atapewa misimu mingapi, na nani atakuwa na neno la mwisho juu ya uwanja?