Undugu ni Kufaana: Habari za Mji wa Frere Town

Mtu avukaye daraja la Nyali kutoka kisiwa cha Mombasa kwenda upande wa bara, hafiki mbali ila ataona mahali panapoitwa Kengeleni. Hapo njia hukutana, magari hupiga honi, wachuuzi hunadi bidhaa zao, na kando ya njia umesimama mnara mdogo wenye kengele. Siku moja tuliwauliza watoto wa darasa letu, "Kwa nini mahali pale huitwa Kengeleni?" Wakajibu wote pamoja, "Kwa sababu pana kengele." Tukawauliza tena, "Na kengele hiyo ilipigwa kwa ajili ya nani?" Wakanyamaza. Basi kunyamaza kwao ndiko kulikotutia nia ya kuandika habari hizi.

Kengele ile ilikuwa ya mji mdogo uitwao Frere Town, uliojengwa na watu waliotolewa utumwani. Iliwaita watu kanisani na kazini, na wazee husema ya kwamba ililia pia kuwaonya, majahazi ya wauza watu yalipoonekana baharini. Mji wenyewe ulikuwa mdogo, nao ulikaa ubavuni mwa mji mkubwa, ukitengwa nao kwa mkono wa bahari tu. Wakazi wake wa kwanza hawakuwa wa kabila moja, wala ukoo mmoja, wala lugha moja. Lakini walipata kuwa majirani wa kweli. Jinsi walivyopata ujirani huo ndilo jambo tutakalo kulieleza, maana katika siku zetu watu wengi wanahamia kando za miji mikubwa, nao hawajui waanzie wapi kuishi na wenzao.

Tuanze na sababu ya mji huo. Mwaka 1872 serikali ya Kiingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kwenda Unguja, kusema na Sultani, Seyyid Barghash, ili biashara ya watumwa ipitayo baharini ikomeshwe. Kwanza Sultani alikataa, lakini alipoona ya kuwa atashurutishwa kwa manowari, akatia mkono wake katika mapatano mwezi wa Juni mwaka 1873, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Tangu hapo manowari za Kiingereza zikazidi kuyakamata majahazi na kuwafungua mateka. Ndipo likatokea swali gumu: watu hawa waende wapi? Wengi walitekwa mbali sana, karibu na ziwa la Nyasa au katika nchi za Wayao na Wamakua, na wengine walitekwa wakingali watoto, hata njia ya kwao hawakuijua. Kama wangalishushwa pwani na kuachwa, wangalikamatwa tena siku ile ile.

Hapo kwanza baadhi ya watoto waliofunguliwa walipelekwa Bara Hindi, wakasomeshwa na misheni karibu na mji wa Nasik, wakafundishwa na kazi za mikono. Kasisi William Salter Price, aliyekuwa ameisimamia kazi ile ya Nasik, ndiye aliyetumwa na Church Missionary Society kuja Mombasa. Alifika mwezi wa Novemba mwaka 1874. Akapata ardhi upande wa bara, katika Kisauni, ikielekea kisiwa, na mji uliojengwa hapo ukapewa jina la Frere.

Watu wa Nasik ndio waliokuwa nguzo za kwanza za mji. Watu wa pwani waliwaita Wabombei, kwa kuwa walitoka upande wa Bombay. Mmoja wao alikuwa Matthew Wellington. Huyu alizaliwa Uyao, na jina lake la utoto lilikuwa Chengwimbe. Alitekwa akauzwa, akafunguliwa na manowari, akapelekwa Nasik. Baadaye alikuwa miongoni mwa watu walioletwa kumsaidia Dk. Livingstone barani, na Livingstone alipokufa mwaka 1873, Wellington alikuwa pamoja na wale walioubeba mwili wake kwa miguu miezi mingi, hata ukafika Bagamoyo mwezi wa Februari mwaka 1874. Kisha akaja kukaa Frere Town. Aliishi miaka mingi, akafa Mombasa mwaka 1935. Tazameni, mtu aliyenyang'anywa baba, mama, jina na nchi, aliweza kuzeeka mahali penye watu waliomjua.

Mwezi wa Septemba mwaka 1875 manowari iitwayo Thetis ilishusha mahuru zaidi ya 200. Mahuru ndilo jina lililotumiwa kwa watu waliowekwa huru. Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndivyo ilivyofanywa pale. Watu walipewa mahali pa kujenga na kipande cha shamba, wakafundishwa kazi, na watoto wakatiwa shuleni. Kwa kuwa lugha zao zilikuwa nyingi, Kiswahili kikawa lugha ya shule na ya sala, na ya kuombana moto na chumvi. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama ya hata mmoja katika wazee wale, lakini kikawa lugha ya mama ya watoto wao.

Lakini tusiseme ya kwamba mapenzi yalikuwako tangu siku ya kwanza. Tukisema hivyo tutawadanganya wasomaji. Wabombei walijua Kiingereza, wakavaa nguo za Kizungu, wakajiona bora kuliko mahuru waliotoka majahazini jana na juzi. Tena walitaka mshahara unaolingana na elimu yao, wakagombana na Wazungu wa misheni kwa ajili hiyo. Mahuru nao waliona ya kuwa wametoka chini ya bwana mmoja wakawekwa chini ya mwingine. Wala hawakukosea kabisa. Msimamizi mmoja wa mji aliadhibu watu kwa mijeledi na kifungo, mpaka mwaka 1881 habari zikafika mbali, uchunguzi ukafanywa, naye akaondolewa kazini. Jambo hilo ni la aibu, lakini lina mafunzo. Kumfungua mtu minyororo si kazi yote. Akiisha kufunguliwa, yakupasa kukaa naye kama mtu, na hiyo ndiyo kazi iliyo ngumu zaidi.

Sasa tusimulie jambo lililoujaribu ujirani wa watu wale kuliko yote. Mapatano ya mwaka 1873 yalikataza biashara ya baharini tu. Utumwa wenyewe katika nchi ya pwani haukukatazwa, hata mwaka 1907 ndipo ulipoondolewa kwa sheria katika pwani ya Kenya. Kwa hiyo mtumwa wa Mombasa alikuwa akisimama ufukoni jioni, akaona ng'ambo ya maji watu weusi kama yeye, wa nchi moja naye pengine, wakipika katika nyumba zao wenyewe. Maji yale yalikuwa membamba. Basi watu wakaanza kutoroka. Wengine walikimbilia Frere Town, na wengi zaidi wakaenda Rabai, kituo cha misheni alichokianzisha Dk. Krapf mwaka 1846.

Wenye watumwa wakakasirika sana, wakasema ya kuwa misheni inawaibia mali yao. Mwaka 1880 walitishia kuushambulia mji wa Frere Town. Wakubwa wa misheni nao wakaogopa, wakatoa amri ya kwamba watoro wasipokewe, kwa maana sheria ya nchi iliwapa mabwana haki ya kuwarudisha. Fikirini, wasomaji, hali ya mtu wa Frere Town usiku ule anaposikia mlango wagongwa. Nje yupo mtoro, amelowa, ana njaa. Akimfungulia, anavunja amri, na huenda akaleta panga na moto juu ya mji wote. Asipomfungulia, anajifungia mlango mwenyewe, kwa kuwa yeye pia alikuwa hivyo.

Wengi walifungua. Watoro walifichwa, wakapewa jembe na mahali pa kulima. Huko Rabai kazi hiyo ilijulikana zaidi chini ya William Jones, naye ni mmoja wa Wabombei, aliyepata kuwa kasisi mwaka 1885 pamoja na Ishmael Semler. Hesabu ya watoro ikazidi kimya kimya. Mwaka 1888 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilipokuja kushika nchi, mabwana wakadai watu wao. Watoro walipohesabiwa, wakaonekana zaidi ya 1,400, wengi wao Rabai. Mkuu wa Kampuni, George Mackenzie, akaona ya kwamba kuwarudisha kutaleta vita, akapatana na mabwana kuwalipa fedha, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wakapewa hati za uhuru. Fedha ilitoka kwa wakubwa, na majina ya wakubwa yameandikwa vitabuni. Lakini kama wanyonge wasingalifungua milango yao kwanza, usiku baada ya usiku, asingalikuwako mtu wa kulipiwa.

Hapa ndipo tunapoona jinsi watu wasio na ukoo walivyopata kuwa majirani. Waliotangulia kufika walipowapokea waliofuata, walisahau kidogo kuulizana nani Mbombei, nani Myao, nani aliyekuja na manowari na nani aliyevuka kwa miguu maji yalipokupwa. Wote walikuwa wamekaa katika hatari moja. Mwenye msiba hakuwa na mjomba wa kuchimba kaburi, basi jirani alichimba. Mwanamke aliyejifungua hakuwa na mama wala shangazi, basi wa nyumba ya pili akawa shangazi. Wahenga walisema, undugu ni kufaana, si kufanana. Huenda watu wengine huyasema maneno hayo kama pambo la mazungumzo, bali kwa watu wa Frere Town yalikuwa chakula cha kila siku, kwa kuwa kufanana hawakuwa nako.

Zamani hizo zimepita. Shule ya kufundishia makasisi, iliyoanzishwa Frere Town, ilihamishwa Limuru mwaka 1930. Mwaka 1931 likafunguliwa daraja la kwanza la Nyali, lililoelea juu ya maji, na mwaka 1980 likafunguliwa daraja kubwa lililopo sasa. Mkono wa bahari uliowatenga watu wa Frere Town na Mombasa ukawa si kitu tena. Mji mkubwa ukavuka maji ukaumeza ule mdogo. Siku hizi Kisauni imejaa nyumba, na soko la Kongowea halitulii tangu alfajiri. Wanakuja watu wa kila kabila la Kenya na wa nchi za mbali, kila mmoja na mzigo wake, wakipanga chumba kimoja kimoja. Mara nyingi tumesikia ya mtu aliyeugua siku tatu ndani ya chumba, na aliye upande wa pili wa ukuta hakujua jina lake. Kuta ni nyembamba kuliko yale maji ya zamani, lakini hazivukwi.

Ninyi wasomaji mkaao mashambani, msiseme ya kwamba habari hizi si zenu. Wana wenu ndio waendao kupanga vyumba hivyo. Mnapomfungia kijana wenu safari, mnampa nauli, mnampa unga, mnampa na maonyo juu ya pombe na marafiki wabaya. Ni vyema. Lakini mwambieni na hili: akifika, siku ile ya kwanza, abishe hodi kwa jirani, aseme jina lake na atokako, aulize naye. Akisikia kilio asifunge dirisha. Nanyi mnapopata mgeni kijijini, mwalimu au muuguzi au fundi aliyetoka kabila jingine, msimwache akaa miaka kumi mkimwita "yule mgeni." Mpeni jembe siku ya tatu.

Baada ya darasa lile tuliwapeleka watoto Kengeleni, tukawaonyesha mnara, tukawasimulia kwa ufupi haya tuliyoyaandika. Walisikiliza kimya, ijapokuwa magari yalitushinda sauti. Tulipokwisha, msichana mmoja mdogo akauliza, "Mwalimu, kengele hii ikilia leo usiku, nani atatoka?" Hatukuwa na jibu la kumpa pale njiani. Tulimwambia aanze kuwahesabu watu wa nyumba yao na wa nyumba ya pili, ajue majina yao wote, ndipo atuletee hesabu shuleni. Kesho yake alileta majina kumi na manne. Kwa mji wowote, huo ni mwanzo mzuri.