Mkulima wa Kihamba na Siku ya Malipo

Yapo maneno ambayo sisi watu wa mjini tumeyazoea hata hatuyachunguzi tena. Mojawapo ni hili kwamba mkulima mdogo hana faida, kwamba eka moja na nusu si shamba bali ni bustani, na heri ardhi apewe mwenye trekta. Juma hili napenda twende Kilimanjaro, maana huko maneno ya namna hiyo yalisemwa zamani, na yakapata majibu.

Kahawa ilifika mlimani mwishoni mwa karne ya 19 kwa mikono ya wamisionari, Kilema ikiwa miongoni mwa mahali pa mwanzo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa Moshi, Charles Dundas, aliwahimiza Wachagga wapande mibuni. Walowezi walikuja juu. Walidai kuwa mashamba ya Waafrika yangekuwa kiota cha wadudu na magonjwa. Zaidi ya hayo walihofia vibarua, kwani mtu mwenye mibuni yake haoni sababu ya kwenda kuchuma ya mwingine kwa ujira wa senti.

Wakulima walijibu kwa kuungana. Mwaka 1925 walianzisha chama chao, KNPA, kikiongozwa na Joseph Merinyo. Mwaka 1933 nafasi yake ilichukuliwa na KNCU, chini ya sheria ya ushirika ya mwaka 1932. Tusikisifu chama hiki kupita kiasi. Wakulima walipolazimishwa kuuza kahawa yao kwake peke yake, na bei zikiwa zimeanguka, zilizuka ghasia mwaka 1937 na maghala yakashambuliwa. Lakini kilidumu, na miaka ya hamsini mlima ulikuwa na shule na nyumba za bati zilizotokana na kahawa. Wengi wanaosoma ukurasa huu ni watoto au wajukuu wa karo hiyo.

Kihamba kiliwezaje? Mgomba uko juu, mbuni uko chini ya kivuli chake, na chini kabisa kuna magimbi. Ng'ombe yu bandani, analetewa majani yanayobebwa kichwani na akina mama kutoka tambarare, na samadi yake inarudi shambani. Maji hushuka kwa mifereji iliyochimbwa na mababu. Familia ilikula ndizi kwanza, kahawa ikauzwa. Fedha ya ndizi ilikuwa ya mama, ya kila siku ya soko. Ya kahawa ilikuwa ya baba, ya msimu. Bei ya kahawa ikianguka, nyumba haikulala njaa. Mwenye shamba kubwa la zao moja hana kinga hiyo, naye ana vibarua wa kulipa. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua kilimo hiki, huko Shimbwe Juu, kuwa urithi wa dunia wa kilimo.

Basi kilichoharibika ni nini? Mimi naona tuanzie kwenye siku ya malipo. Mkulima alipeleka kahawa ya maganda kwenye chama cha msingi, karani akapima, akapewa malipo ya kwanza. Ya pili na ya tatu yalifuata baada ya mnada wa Moshi. Mpango huo unafaa mradi fedha zifike. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, kazi ikapewa mamlaka ya zao. Ajabu ya mambo ni kwamba baridi kali ilikuwa imechoma mibuni ya Brazili mwaka 1975, na bei ya dunia ilikuwa inapaa kuliko wakati wowote. Mkulima aliambulia sehemu ndogo tu ya neema hiyo. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini ukiwa na madeni, na malipo yakaendelea kuchelewa.

Niliwahi kumuuliza mzee mmoja wa Kibosho, nikiwa na kinasa sauti changu, kwa nini mibuni yake imejaa magugu. Akanijibu: "Mwanangu, mtoto anafukuzwa shule mwezi wa kwanza, fedha inakuja mwezi wa nane. Wewe ungepalilia?"

Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukilinda bei kwa mgawo ulivunjika. Msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Hao walilipa taslimu, na mkulima alifurahi, nami simlaumu. Ila chama kilikuwa kikimkopesha dawa, akikatwa wakati wa kuuza. Alipouza kwingine, mkopo haukulipika, na chama kikaacha kukopesha. Bila mrututu, chulebuni na kutu ya majani vikaingia. Bei ilipoporomoka kabisa mwaka 2001, wengine waling'oa mibuni wakapanda nyanya, na pale walipoondoa kivuli, udongo wa mteremko ukaanza kwenda na mvua.

Mwaka 2018 serikali ilirudisha kahawa mikononi mwa vyama vya msingi. Wakati huohuo kihamba kimegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, na hapo hoja ya udogo inaanza kuwa na ukweli ambao walowezi hawakuwa nao. Miche mipya inayostahimili chulebuni ipo, lakini mbuni hutaka kama miaka mitatu kabla ya kuzaa. Kwa miaka hiyo mitatu ndizi zitamlisha mkulima. Baadaye atabeba gunia lake hadi kwenye mizani ya chama, atapewa risiti, naye atamuuliza karani swali lile lile la babu yake: fedha lini?