Mtumba wa Kupakata

Kupakata ni neno la malezi. Mama humpakata mwanawe, bibi humpakata mjukuu, na msibani hata mtu mzima huweza kupakatwa na mwenziwe mpaka kilio kimwishe. Wataalamu wetu wa lugha walipotafuta jina la ile kompyuta ndogo ya kukunja, wakaiita kompyuta mpakato. Kabla ya hapo tulipata kusikia ngamizi na tarakilishi, maneno yaliyoheshimiwa zaidi katika kamusi kuliko mitaani. Mpakato limekubalika, na nadhani ni kwa sababu limekileta chombo kigeni karibu na mwili.

Hata hivyo, hapa Ifakara, na katika bonde la Kilombero kuanzia Kidatu mpaka Mlimba, mpakato wa mwalimu, wa muuguzi au wa mwanafunzi aghalabu umekwisha kupakatwa na mtu mwingine, katika ofisi fulani ya Ulaya au Marekani. Ni mtumba. Zamani nguo za aina hiyo tuliziita kafa Ulaya, kana kwamba mwenyewe amekufa na sisi tunarithi. Wauzaji wa mipakato hawasemi hivyo. Husema "used" au "refabishi", yaani iliyosafishwa, ikapimwa, ikabadilishwa kilichoharibika, kisha ikauzwa upya. Napenda kueleza jinsi mtumba huu ulivyotufikia, kwa kuwa naamini kwamba asiyejua ulikotoka hawezi kuuchagua vizuri wala kuutunza.

Historia yenyewe inaanzia mbali na bonde letu. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Hazina, Dar es Salaam, mwaka 1965. Ilikuwa mashine kubwa, na kazi yake ilikuwa hesabu. Baada ya miaka michache hesabu hizo zilikwenda mrama, na mwaka 1974 Serikali ikatoa amri ya kuzuia uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake pasipo kibali maalumu. Wapo wanaoicheka amri ile leo. Mimi siicheki. Nchi changa iliyokuwa ikitoa fedha za kigeni, ambazo ilizipata kwa taabu, kununua chombo isichoweza kukitengeneza, ilikuwa na haki ya kujiuliza: mwenye chombo hiki ni nani, sisi tuliokinunua au wao wanaojua kukifungua? Swali lilikuwa zuri. Jibu ndilo lililokuwa baya, maana tulifunga mlango, tukakaa nje ya elimu hiyo kwa karibu miaka 20.

Mlango wa kwanza kufunguka ulikuwa wa nguo. Mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuingiza bidhaa bila kuulizwa walizipata wapi, na haukupita muda mitumba ikatandazwa magulioni. Wengi wetu tulijifunza pale elimu ambayo haikufundishwa shuleni: kugeuza kola, kuvuta mshono, kuinua shati dhidi ya jua uone palipochakaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 amri ya kompyuta nayo ililegezwa, na katika bajeti ya mwaka 2001/02 Serikali iliondoa ushuru wa kompyuta. Hapo ndipo mtumba wa aina nyingine ulipopata njia. Taabu ni kwamba kompyuta haina kola ya kugeuza.

Ifakara, kwa upande wake, iliijua kompyuta kwa njia ya pekee. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alianzisha hapa maabara ya utafiti wa magonjwa ya nchi za joto, ambayo baada ya kukua na kubadili majina ndiyo leo Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 1996 watafiti wake walianza kuhesabu watu wa vijiji kadhaa vya wilaya za Kilombero na Ulanga, nyumba kwa nyumba, na tangu 1997 wakawa wanarudi kila baada ya miezi minne kuuliza nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama. Majibu yaliingizwa katika kompyuta. Kwa hiyo mkulima wa Idete au Namawala aliandikwa ndani ya kompyuta kabla yeye mwenyewe hajaigusa. Naye hakupata hasara kwa hilo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa viliongeza uhai wa watoto wa mwezi 1 mpaka miaka 4 kwa asilimia 27. Lakini chombo kilikuwa cha mradi, kikiwa na fundi wa mradi na jenereta ya mradi. Kumiliki ni habari nyingine.

Sasa tuutazame mtumba wenyewe. Mwaka 1992 kampuni ya IBM ilitoa mpakato ulioitwa ThinkPad, mweusi, wenye umbo la kasha. Miaka 2 baadaye Dell wakatoa Latitude, na mwaka 2008 HP wakatoa EliteBook. Mipakato hii ilikusudiwa makampuni na ofisi, ambazo hununua au kukodi mamia kwa mara moja na kuibadilisha yote baada ya miaka 3 au 4, hata kama bado inafanya kazi. Ndiyo mikondo inayoulisha mto wa mitumba. Mashine hukusanywa, diski zikafutwa, zikapangwa kwa madaraja kulingana na mikwaruzo, zikauzwa kwa marobota kama nguo. Nyingine hupitia Dubai, zikafika Kariakoo, na kutoka Kariakoo zikapanda basi la Ifakara.

Kwa nini tuipendelee hiyo kuliko mipya ya bei nafuu inayong'aa dukani? Kwa sababu ilitengenezwa ili ifunguliwe. Ofisi yenye mashine 500 haiwezi kungoja. Fundi wake lazima aondoe skrubu chache na kubadilisha diski, memori au kibodi kabla ya chai ya saa nne. Watengenezaji wake hutoa hadharani vitabu vya kuonyesha kila skrubu, na vipuri vyake vimejaa kwa sababu mashine zenyewe zilikuwa nyingi. Mipya mingi ya bei ya chini ina memori iliyounganishwa moja kwa moja na bodi, na ikifa imekufa. Lile swali la mwaka 1974, la nani anayejua kukifungua chombo, linaanza kujibiwa hapa.

Mpwa wangu, muuguzi anayejiendeleza kwa masomo ya masafa, aliniuliza mwaka jana, "Mjomba, nichague upi?" Alikuwa ameuza mpunga wa msimu mzima. Mtu wa bonde hili hupima kila bei kwa magunia, na anayepima kwa magunia hana nafasi ya kununua mara mbili. Nikamwambia asianze na rangi wala wembamba. Mvuvi wa Kindamba hanunui mtumbwi ulio nchi kavu. Huushusha majini kwanza, akaketi ndani, akangoja aone maji yanapoingilia.

Aanze na umri. Umri wa mpakato hausomeki usoni, husomeka katika namba ya prosesa. Penye maandishi i5-8250U, ile 8 inayofuata kistari ni kizazi cha nane cha Intel, kilichotoka mwaka 2017. Penye i5-6300U ni kizazi cha sita, cha mwaka 2015. Tofauti hiyo ilikuwa ndogo zamani. Leo ni kubwa, kwa sababu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa bure masahihisho ya usalama ya Windows 10, isipokuwa kwa mpango wa nyongeza wa muda, na Windows 11 kwa jumla haizikubali rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Maana yake ni kwamba ofisi za Ulaya zinatoa nje mashine nyingi ambazo hazina ugonjwa wowote ila tarehe. Nazo zinakuja kwetu, kwa bei ya kuvutia, baadhi zikiwa zimewekewa Windows 11 kwa ujanja ambao mtengenezaji hauungi mkono. Mwenye kununua aulize. Akitaka Windows, achukue kizazi cha nane au zaidi, memori ya gigabaiti 8 na diski ya SSD. Akiwa tayari kutumia Linux, ile ya kizazi cha sita itamtumikia kwa miaka mingi kwa barua, hesabu na masomo. Hata Kiswahili hakikukosekana huko: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili.

La pili ni kufuli. Jirani yangu mmoja alinunua mpakato mzuri, akautumia wiki nzima bila intaneti. Siku alipoufuta na kuuanza upya akiwa na intaneti, ukamtaka neno la siri la kampuni ya Ulaya asiyoijua. Ulikuwa bado umeandikishwa kwa mwajiri wake wa zamani, na muuzaji hakuwa na ufunguo. Kwa hiyo mashine ifutwe, iwashwe upya na kuunganishwa na intaneti palepale dukani, na ile sehemu ya ndani iitwayo BIOS ifunguliwe ionekane haina neno la siri. Anayekataa kufanya hivyo mbele yako amekwisha kukujibu.

La tatu ni betri. Betri ya lithiamu huchoka kwa kuchajiwa. Baada ya mara 300 mpaka 500 huwa imepoteza sehemu ya kuonekana ya nguvu zake. Ndani ya Windows ipo amri ya powercfg /batteryreport, inayotoa taarifa ya uwezo wa betri ilipozaliwa na uwezo wake wa sasa. Ikionyesha ilizaliwa na 48,000 na sasa inashika 24,000, umebakiwa na nusu, na bei nayo izungumzwe kwa nusu hiyo.

La nne ni kibodi, nalo huchekesha mpaka likupate. Mashine za Ujerumani na Uswisi zina Z mahali tulipozoea Y. Kwa Mjerumani hiyo si kitu. Kwa Mswahili ni balaa, maana "nyumba ya" itakuwa "nzumba za", na barua ya kuomba kiwanja kimoja itaomba vitu usivyovitaja. Unaweza kubadilisha mpangilio ndani ya mashine, lakini herufi zilizochapwa juu ya vitufe zitaendelea kukudanganya.

Baada ya kuchagua huja kumiliki, na bonde letu lina masharti yake. Joto na unyevu wa masika havipendezi vyuma, na vumbi huingia ndani ya feni. Mashine ifunguliwe na kupulizwa kabla ya kiangazi kuisha. Kidatu, mlangoni mwa bonde, kuna mitambo ya megawati 204, na bado umeme hukatika. Hapo ndipo mpakato unapoishinda kompyuta ya mezani, kwa kuwa betri huokoa kazi uliyoianza na sola ya kiasi huweza kuichaji. Na lazima pawepo fundi. Kabla ya daraja la mto Kilombero, lenye urefu wa meta 384, kuzinduliwa mwaka 2018, mtu wa Mahenge mwenye mashine mbovu alipaswa kungoja kivuko akiwa ameikumbatia. Leo anavuka kwa dakika chache. Vijana wa Ifakara wanaobadilisha vioo vya simu ndio hao hao wanaozibua feni na kuunganisha waya za chaja. Elimu ile iliyofungiwa nje mwaka 1974 imeingia kwa mlango wa uani, mikononi mwa watu ambao hakuna aliyewatuma.

Limebaki moja ambalo wauzaji hawalitaji. Mtumba wa nguo ukichakaa huwa tambara la kufutia, kisha huoza. Mpakato hauozi. Mkataba wa kuzuia nchi kutupiana taka za sumu ulifikiwa Basel mwaka 1989, katika mji ule ule alikotoka Profesa Geigy. Na tangu tarehe 1 Januari 2025, kwa marekebisho yaliyopendekezwa na Ghana na Uswisi, taka zote za elektroniki hazisafirishwi kati ya nchi wanachama bila nchi inayopokea kukubali kwanza. Ni jambo jema. Ila mkataba hulinda bandari, haulindi jalala la nyuma ya nyumba. Mashine inayofika kwetu ikiwa imebakiza miaka 2 ni taka iliyochelewa kidogo tu, na aliyeilipia ni sisi.

Mpwa wangu alinunua wa kizazi cha nane, wenye mikwaruzo kifuniko kizima, kwa bei ndogo kuliko ule wa kizazi cha saba uliokuwa ukimeremeta kando yake. Betri ya zamani hakuitupa. Ameifunga ndani ya kopo kavu mpaka apate wa kuichukua. Bonde hili hupeleka Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake, na kitakachotupwa katika tope la Ifakara kina watu wengi wa kukinywa huko mbele.